Mkono Ndani ya Dashibodi

Nilikuwa dereva wa meneja kwenye shamba la ngano la serikali, kule tambarare za Hanang, miaka ile ambayo sabuni ilipatikana kwa kibali na sukari kwa bahati. Kwetu ni Nambis, juu kule Mbulu, kwenye baridi na mahindi na maharage. Baba yangu hakuwahi kuwa na mtoto wa mshahara, na nilipopata kazi ile aliwatangazia watu kanisani kabla mimi mwenyewe sijaamini. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kurudi nyumbani bila kazi ni jambo ambalo nisingeweza kulieleza. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo walioniuliza baadaye kwa nini sikuondoka.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa mbali, ilikuwa nzuri. Nilikuwa na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, koti la kazi, na pikapu ya kijani ambayo meneja alitaka ioshwe kila asubuhi hata kama vumbi lingeirudia kabla ya saa nne. Kumwendesha meneja hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni siku ambazo meneja hakuwa na safari, kwa sababu siku hizo pikapu ilikuwa ya walinzi. Wao walipanda nyuma na virungu vyao, mkuu wao akakaa mbele nami, tukazunguka mpaka wa shamba kutafuta ng'ombe wa Wabarabaig, wafugaji wa tambarare ile, walioingia kwenye ngano. Ng'ombe waliokamatwa walipelekwa zizi la shamba, wenyewe wakifuata nyuma kwa miguu, na hawakuachiwa mpaka faini iliporidhisha. Malisho yale yalikuwa yao kabla ya ngano. Kila mtu shambani alilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Mimi nilishika usukani na kutazama mbele.

Mwaka wangu wa pili meneja alirudi kutoka safari ya Dar es Salaam na boksi alilokuwa amelifunika kwa koti. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akalifungua. Ilikuwa redio ya gari, ya kaseti, mpya, bado iko kwenye nailoni yake.

"Unaweza kufunga hii?"

"Naweza, mzee."

Nilikuwa sijawahi. Nilikuwa nimekaa nusu siku kando ya fundi mmoja wa Babati akifunga redio ya lori, nikamshikia tochi, basi. Lakini mtu wa mshahara hasemi hawezi.

"Basi ifunge mwenyewe. Usiipeleke karakana. Kule kuna macho mengi, na midomo ni mingi zaidi." Siku hizo mtu mwenye cheo akionekana na kitu kipya aliulizwa amekipata wapi. "Hiyo ya zamani ni mali ya shamba. Itoe, itunze vizuri."

Nilichagua Jumapili. Watu walipokwenda ibadani, nilichukua bisibisi, plaizi, spana mbili na tepu ya nyaya, nikaendesha hadi ukingo wa mbali wa shamba, karibu na korongo, mahali ambapo hata walinzi hawakufika siku hiyo. Ngano ilikuwa imeshavunwa. Mabua makavu yalienda mpaka miguuni mwa mlima, na pembeni kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichomegwa upande mmoja na jembe la trekta. Niliegesha hapo, nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri kama nilivyomwona fundi wa Babati akifanya, ili nisije nikaunguza fyuzi.

Kuitoa ile ya zamani hakukuwa kazi. Nilivuta vile vifundo viwili vya kuzungushia sauti na stesheni, nikafungua nati zilizojificha nyuma yake, nikaisukuma redio kidogo ndani na kuiinamisha, ikatoka. Ilikuwa nene, nzito, imejaa vumbi la ngano. Nyuma yake zilining'inia nyaya: wa umeme, wa ethi unaofungwa kwenye bodi ya gari, za spika, na ule mnene wa antena. Nilizifunga alama kwa vipande vya uzi ili nisizichanganye. Nikaona mambo yanakwenda, hata nikaanza kupiga mluzi.

Tundu lililobaki kwenye dashibodi halikuwa la kiwandani. Fundi fulani, miaka mingi kabla yangu, alikuwa amelipanua kwa patasi ili ile redio nene iingie, na kingo za bati alizikunja kwa ndani badala ya kuzikata. Redio mpya ilihitaji kushikwa kwa nyuma na kipande cha chuma, nacho kilitakiwa kufungwa kwanza kwa nati moja. Kwa chini mkono haukupita. Kulikuwa na bati na boksi la fyuzi. Kwa hiyo nilipiga magoti mbele ya kiti cha abiria, nikaingiza mkono wa kulia kupitia lile tundu, nikakitafuta kile kipande cha chuma. Nilikuwa mwembamba. Mkono ulipita, kiwiko kikapita kwa kubanwa kidogo, nikaigusa nati kwa ncha za vidole. Niliikaza. Kisha nikavuta mkono.

Haukuja.

Nikavuta tena, na zile kingo zikauma. Wakati wa kuingia bati lilikuwa limelala kwa upande wa safari yangu. Wakati wa kutoka lilisimama kama meno. Kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyozidi kuingia kwenye nyama, na mkono wa shati ulikuwa umejikunja ndani ukajaza nafasi kidogo iliyokuwepo. Nikatulia. Nikajiambia nipumue, nitoe taratibu. Nikajaribu taratibu. Damu ikaanza kushuka upande wa ndani ambao sikuuona. Niliihisi tu ikitambaa kwenye kiganja.

Nilinyoosha mkono wa kushoto nikabonyeza honi. Kimya. Betri niliichomoa mwenyewe.

Jua lilipanda. Sikuweza kukaa wala kusimama. Magoti yalikuwa kwenye bati la sakafu na bega limegandamizwa kwenye dashibodi. Chupa yangu ya maji ilikuwa nyuma ya pikapu. Bisibisi ilikuwa juu ya kiti cha dereva, nikaifikia, nikajaribu kuzikunjua zile kingo kwa mkono wa kushoto, lakini bati lilikuwa gumu na bisibisi ikateleza ikanichoma. Niliita. Niliita kwa Kiswahili, halafu kwa Kiiraqw, halafu nikaacha, kwa sababu sauti yangu ilikuwa inaniogopesha. Hakuna aliyejua niko wapi. Aliyejua nafanya nini ni meneja peke yake, naye alikuwa ameniambia nijifiche.

Nilipata muda wa kufikiri, muda ambao kwa kawaida nilijitahidi nisiupate. Niliwaza kwamba nikikutwa hapa na watu wa karakana, meneja atasema hajui chochote, na redio itakuwa ya wizi, na mwizi ni mimi. Nikiponyoka bila kuonekana, kesho nitawaendesha walinzi. Sikuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Mkono ulikuwa umeanza kuvimba na vidole vinapiga kama moyo.

Jua lilikuwa limepita utosini nilipoona mtu akija kutoka korongoni. Alikuwa mwanamke wa Kibarabaig, mtu mzima, amevaa sketi yake ya ngozi na shaba za mikono na shingo, amebeba kibuyu chenye mfuniko wa ngozi. Aliiona pikapu akasimama. Nilielewa. Aliijua pikapu ile.

"Shikamoo, mama," nilisema.

Alizunguka gari lote kwanza, akatazama nyuma kama kuna walinzi wamelala humo, kisha akaja mlangoni akanitazama.

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nimekwama, mama. Mkono."

Aliinama akachungulia. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno ya kuhesabika na changu kwake kilikuwa cha haraka mno, kwa hiyo nilianza upya polepole, nikamwambia anivute kwa bega. Alinikatalia kwa kutikisa kichwa.

"Umevuta sana," alisema. "Ndama akikwama, huvuti. Unarudisha ndani kwanza. Halafu unageuza."

Alikaa kwenye ukingo wa mlango, kibuyu kikiwa mapajani, akitazama upande wa kile kichuguu. Nilidhani ameamua kuondoka. Kisha akafungua mfuniko. Ilikuwa samli, imeyeyuka kwa jua, na harufu yake ikajaa garini. Aliimwaga kidogo kwenye kiganja, akaisukuma kwa vidole kuzunguka mkono wangu pale bati lilipouma, akamwaga tena, akaipaka mpaka ikatiririka ndani.

"Sasa sukuma."

"Ndani?"

"Ndani."

Nilisukuma mkono kuelekea kule nilikokuwa nakukimbia saa zote zile. Maumivu yalinifumba macho. Yeye alishika ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, kwa vidole viwili vya kila mkono, akaibana, akasema, "Geuza. Kiganja juu." Nikageuza. Kisha akanivuta yeye mwenyewe, polepole, akisimama kila nilipokaza, kama mtu ambaye hana haraka na mnyama. Mkono ulitoka ukiwa umejaa samli, damu na vumbi la ngano la miaka.

Nililala kwenye kiti. Alinipa maji kutoka kwenye chupa yangu mwenyewe, maana nilimwonyesha ilipo. Nilipopata sauti nilimshukuru, nikamuuliza samli ile alikuwa anaipeleka wapi. Akaonyesha kile kichuguu.

"Pale. Baba wa mume wangu."

Hakutaja jina. Kwao mke halitaji jina la mkwe wake. Niligeuka nikakitazama upya kile kilima cha udongo, na sasa nikaona kwamba hakikuwa cha mchwa. Lilikuwa kaburi lililojengwa na watu, na jembe la trekta lilikuwa limepita kwenye ubavu wake na kuondoka na sehemu. Mwaka mzima nilikuwa napita pale na walinzi, tena mara mbili tulisimama hapo wao wakajisaidia.

Nilitaka kusema pole, lakini neno hilo sisi hulitoa hata mtu akijikwaa.

Alichukua kibuyu. Kilichobaki ndani kilikuwa kidogo, alikitikisa akasikiliza. Kabla hajaondoka aliligonga boneti kwa kidole.

"Hili ndilo gari la walinzi?"

"Ndilo, mama."

"Tunasikia mashine siku nzima. Trekta, lori, hili. Yote yanalia namna moja. Hatujui lipi linakuja."

Alisema hivyo tu. Hakuniomba kitu wala hakunitazama vibaya. Alikwenda kwenye kaburi, akafanya alilokuja kufanya, nami nikageuza uso ili nisimtazame. Baada ya hapo alishuka korongoni.

Nilifunga redio kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa umefungwa kitambaa. Nyaya za alama ya uzi nilizisokota na zile za redio mpya, nikazungushia tepu, nikasukuma redio mahali pake, nikarudisha waya wa betri. Nilipowasha, taa ndogo ya kijani ikawaka na sauti ikatoka safi. Nikakaa pale kwa muda na stesheni ya taifa ikitoa matangazo ya vifo.

Sitadai kwamba nilipanga. Jumatano iliyofuata niliwachukua walinzi alfajiri, na mkuu wao mwenyewe ndiye aliyesema, "Kumbe tuna muziki siku hizi." Nilitia kaseti ya dansi ya meneja, nikaongeza sauti, nikateremsha vioo kwa sababu ya joto, ingawa hakukuwa na joto. Tambarare ile haina kitu cha kuzuia sauti. Tulipofika ukingoni tulikuta mavi ya ng'ombe yakitoa moshi na kwato zikielekea korongoni. Mkuu wa walinzi alishuka, akazitazama, akapanda tena. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mara ya tatu nilijua ninachofanya, nikaongeza sauti kwa furaha ambayo sikuwa nimeizoea.

Ilikwenda hivyo karibu msimu mmoja. Meneja alifurahi kwamba ng'ombe wamepungua. Walinzi waliimba. Ndipo asubuhi moja, tukiwa bado getini, mkuu wa walinzi alinyoosha mkono wake, akazungusha kile kifundo, redio ikazima.

"Leo nataka kusikia gari," alisema.

Niliendesha. Nilitafuta sababu ya kusimama na sikuipata. Tairi zilikuwa nzima, mafuta yapo. Ningeweza kupiga honi na sikuipiga. Hilo nimelifikiria mara nyingi. Tuliwakuta ng'ombe katikati ya mabua, wametulia, na vijana wawili wamekaa chini. Walinzi walishuka wakikimbia. Mmoja wa vijana alipigwa kirungu cha bega alipojaribu kumrudisha fahali. Ng'ombe walipokuwa wanaswagwa kupita mbele ya pikapu, yule mwingine alinitazama kupitia kioo, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, bila ukali:

"Leo gari halikuimba."

Mkuu wa walinzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa upande wake. Alimsikia. Alinitazama kwa muda, akaingia, akafunga mlango taratibu.

"Twende," alisema.

Hakunishtaki. Ingekuwa afadhali. Kuanzia siku hiyo nilikuwa wake. Nilimbebea mkaa kwenda Katesh kwa gari la shamba, nilimpeleka kwa ndugu zake siku za mapumziko, na nilipochelewa alikuwa akiuliza tu, kwa upole, kama redio ni nzima. Kila asubuhi ya doria yeye ndiye aliyeizima. Niliwaona Wabarabaig wengi wakifuata ng'ombe wao kwa miguu kuelekea zizini, na kila mara niliangalia kama yumo yule mama. Sikumwona, au nilimwona na shuka likiwa limefunika uso.

Nilikwenda kwa meneja kuomba nihamishiwe kwenye lori.

"Kwa nini?"

"Nimechoka na gari dogo, mzee."

Alicheka kidogo. "Wewe unajua mambo ya gari hili na ya mwenye gari. Ukienda kwenye lori utakaa na watu wa karakana, mtaanza kupiga soga. Kaa hapa nikuone."

Niliandika barua ya kuacha kazi mara tatu. Moja nilimsomea mwenzangu wa chumba, akaniuliza nitamwambia nini baba. Baba, kila nilipokwenda likizo, alinikalisha kwenye kiti kimoja chenye mto na kuwaita majirani waje wamwone dereva. Mama alikuwa ananitengea chakula peke yangu kama mgeni. Sikupata nafasi ya kusema hata neno moja la kweli katika nyumba ile, na nilirudi shambani kila mara nikiwa na begi la mahindi ya kuchoma.

Miaka ilipita hivyo, zaidi ya miwili. Kilichonitoa hakikuwa ujasiri wangu. Meneja alihamishwa mkoa mwingine, akataka redio yake. Niliitoa mwenyewe, safari hii mbele ya karakana, mchana, kwa sababu hakuna aliyejali tena. Kabla ya kuirudisha ile ya zamani nilizikata zile kingo za bati kwa msumeno wa chuma nikazipiga tupa mpaka zikawa laini. Fundi mkuu alinitazama akauliza ninajisumbua nini na gari kuukuu. Nikamwambia huenda mtu mwingine akaingiza mkono.

Meneja mpya alikuja na dereva wake. Nilimpelekea ile barua, ya nne, nikiwa nimejiandaa kwa maswali yote. Alikuwa anazungumza na mtu kwenye simu ya kuzungusha. Aliisoma mstari wa kwanza, akasaini, akaisukuma kwangu bila kukata maneno yake. Nilisimama pale nikiwa na karatasi mkononi. Miaka yote ile, na mlango ulikuwa umeshikwa na kalamu tu. Nilitoka nje na miguu haikujua iende wapi.

Nilipanda lori la mahindi mpaka Mbulu, nikatembea hadi Nambis. Baba alikuwa zizini. Alinisalimu, akatazama nyuma yangu kama gari limeegeshwa njiani.

"Likizo?"

"Nimeacha kazi, baba."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Nimeacha."

Aliendelea kuzoa mavi. Kwa wiki nzima hakuniuliza kitu, na kile kiti chenye mto kilirudishwa chumbani kwake. Jumapili, wakati mama amekwenda kanisani, nilimsimulia: walinzi, vijana, mkuu wa walinzi, kaburi. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake katikati ya magoti. Kuhusu Wabarabaig wazee wetu walikuwa na mambo yao, vita vya zamani na ng'ombe walioibiwa, na nilitegemea atayatoa hayo. Hakuyatoa.

"Na ulikula mshahara wao muda wote huo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi pia niliula."

Alinyanyuka, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, akanipa. Akanionyesha kipande cha juu, karibu na mawe, ambacho kaka zangu walikuwa wamekikataa kwa sababu ya mwinuko. Mvua zilikuwa zimekaribia. Nilikwenda nikaanza na upande wa chini.